Alisema Alimzika Mdogo Wangu

Mdogo wangu huwa namwona Nechells, mtaa wa hapa Birmingham. Sisemi ni mzimu. Sijafika huko, na mchungaji wangu akisikia atanifungia maombi. Nasema tu namwona. Basi langu la kwenda kazini linapopita kwenye maghala, kuna wanaume wanaotoka zamu na makoti yao yenye mistari ya kung'aa, na mara kwa mara mmoja wao hutembea kama yeye, bega moja mbele, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Nageuza shingo mpaka basi linapokata kona. Uso huwa wa mtu mwingine. Hapo nakasirika, tena namkasirikia yule mtu mwenyewe, maskini, ambaye kosa lake ni kutembea.

Alipotea siku ya mchujo wa chama, huko nyumbani Kenya. Alikuwa wakala wa bwana mmoja aliyekuwa akitafuta tiketi ya ubunge. Ametoka shule juzi, hana kazi, akaambiwa kazi yake ni kukaa karibu na sanduku la kura na kutoliondolea macho. Kura zilipokwisha kupigwa, sanduku likapakiwa kwenye gari lipelekwe kwenye kituo cha kujumlishia, naye akapanda nalo. Sanduku lilifika. Yeye hakufika. Mimi nilikuwa nimeshahamia huku Birmingham, naosha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee, na habari hiyo ilinikuta nikiwa na glavu mikononi.

Wazee wa ukoo walikwenda kumuuliza yule mgombea. Aliwakaribisha vizuri, akawapa chai na mkate, akawaambia kijana wenu yu salama salmini: palitokea fujo kidogo barabarani, akavuka mpaka akaingia Uganda, mambo yakitulia atarudi. Mambo yalitulia. Uchaguzi ukapita, ukaja mwingine nao ukapita. Baba yangu alikufa akiwa bado anaangalia barabara.

Kwetu, magharibi ya Kenya, mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa pale ambapo angezikwa yeye. Watu hulia, hunyolewa, na walio hai huendelea na maisha. Lakini ukiuzika mgomba naye kumbe yu hai, ni wewe umemuua. Hata akirudi, hana tena mlango wa kuingilia nyumbani kwao. Kwa hiyo mama alikataa. Kila ukoo ulipoleta neno hilo, aliwauliza swali lile lile: "Nani amemwona amekufa?" Hakuna aliyemwona. Basi hakuna kukata kitu. Nguo za mtoto wake alizifua na kuzianika, akazikunja tena, asije akarudi akazikuta zinanuka kabati.

Sasa mama ni mzee na moyo wake umechoka; daktari alisema hivyo waziwazi mbele ya binamu yangu anayekaa naye. Kifo hakimtishi. Kinachomtisha aliniambia mwenyewe kwenye simu, na tangu hapo neno hilo halijanitoka: "Nisije nikafika kule ng'ambo nikazunguka nikimtafuta, kumbe yuko huku duniani." Mama huongea nami kwa lugha yetu ya nyumbani, lakini hata nikiyageuza Kiswahili maneno yale yananikata vilevile. Alichokuwa akitaka kabla hajafa kilikuwa kimoja tu. Ajue.

Na yule bwana wa tiketi akaja Birmingham.

Safari hii ubunge ulikuwa umeshakuwa mdogo kwake, anatafuta useneta wa kaunti yetu, na chama kilikuwa kinajiandaa kwa mchujo mwingine. Mshindani wake alikuwa mama mmoja mhadhiri, mwembamba, mwenye miwani, anayeongea kama anasahihisha mtihani. Wote wawili walikuwa wanazunguka Uingereza kuwaona watu wa kaunti yao, na tawi letu la chama huku likawaandalia mdahalo wa sera. Sisi wa huku kura ya mchujo hatupigi, lakini simu tunapiga. Anayelipa karo ya mtoto wa kijijini husikilizwa anaposema tumchague nani, na wanasiasa wanalijua hilo kuliko wanavyoijua katiba.

Ukumbi uko Hockley, orofani, juu ya karakana ya mafundi wa fedha. Jumapili ni kanisa la Wakongomani. Jumamosi hukodiwa na yeyote. Funguo anazo rafiki yangu, mama wa Bukavu, tunayefanya naye kazi kwa wazee. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu, yeye peke yake. Watu wa kwetu sikuwaambia, kwa sababu nawajua. Kabla chai haijachemka, habari ingekuwa imefika kwa mheshimiwa hotelini kwake, ikiwa imeongezwa chumvi na pilipili.

Nilikuwa nimepanga swali langu wiki nzima. Nitasimama, nitamtazama, nitamuuliza: mdogo wangu yuko wapi? Basi. Lakini mwenyekiti wa tawi, dereva wa teksi ambaye akivaa tai hujiona spika wa bunge, alifungua mkutano kwa kusema, "Wananchi, leo ni sera tu. Mambo ya personal, mambo ya boma ya nani na nani, hapana. Ukileta hiyo nakata maikrofoni." Watu wakapiga makofi. Nikamwangalia nikatamani ile tai imkabe kidogo.

Mdahalo ukaanza. Mzee mmoja Mhindi mwenye kilemba, mzaliwa wa Kisumu, ambaye mikutano yote ya Wakenya anahudhuria kwa ajili ya Kiswahili na mandazi, aliuliza habari za kiwanda cha sukari. Mhadhiri akaeleza mikataba ya wakulima, nani anachelewesha malipo na kamati gani ya seneti ina uwezo wa kumbana. Ilikuwa kweli tupu na watu walianza kupiga miayo. Bwana yule akasimama, akafungua kifungo cha koti, akasema, "Mimi miwa nimeikata. Nimeibeba kichwani." Ukumbi ukacheka kwa raha. Wakaingia kwenye zahanati: mhadhiri anataka fedha za kaunti ziende kwanza kwenye dawa, bwana anataka hospitali moja kubwa ya kisasa yenye helikopta. Helikopta! Kwetu daraja la mto halimalizi mwaka bila kubomoka, ila mgonjwa atapita angani. Nao watu walimshangilia. Hata mimi, lazima niseme, nilimsikiliza. Ana sauti ya kukukalisha.

Pale mbele kulikuwa na simu kwenye mguu wa chuma, inarusha mkutano moja kwa moja ili watu wa nyumbani waone. Nilijua binamu yangu ameweka simu yake mbele ya mama. Mama alitaka kumsikia yule mtu. Alikuwa amesema, "Niachie nione mdomo wake tu."

Zamu yangu ilifika. Nilishika maikrofoni, na mwenyekiti akawa ananikazia macho kama mwenye kibanda anayemwona mbuzi karibu na mboga. Nikasema, "Swali langu ni la sera. Chama kina sera gani kuhusu wakala anayepotea siku ya mchujo?"

Halikuwa swali lililozoeleka, lakini la sera lilikuwa, na mwenyekiti hakuwa na pa kulikatia.

Mhadhiri alijibu kwanza. Mawakala waandikishwe, wawekewe bima, gari la masanduku lifuatwe na gari la pili, na chama kiwajibike kwa familia. Majibu mazuri. Kama yangekuwepo wakati ule, labda leo ningekuwa nagombana na mdogo wangu kwenye simu kuhusu mambo ya kijinga, kama dada wengine.

Kisha bwana akasimama. Hakufungua kifungo safari hii. Alishusha sauti.

"Dada, hilo swali limenigusa hapa," akasema, akijigusa kifuani. "Mwenzangu amewaambia habari ya bima. Mimi nitawaambia habari ya damu. Nilikuwa na wakala, kijana mdogo. Alikataa kuliacha sanduku la kura. Wakamuua. Na nilimzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii." Akaiinua mikono yote miwili, ikaonekana vizuri kwenye simu. "Siku hiyo niliapa, damu ya kijana yule haitapotea bure."

Wamama walitoa leso. Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Mimi nilikuwa bado nimesimama na maikrofoni, na nilikuwa namwona mdogo wangu. Alisimama pale karibu na meza ya mandazi, bega moja mbele. Nilijua ni kijana wa kusambaza viti. Nilijua, na bado nilitaka kumwita.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaingia jikoni.

"Umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Kwa hiyo alimzika." Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijawahi kuisikia hivyo tangu nilipoondoka nyumbani. Ilinitisha kuliko kilio. "Muulize alimlaza wapi. Na kichwa alikielekeza upande gani. Usimletee maneno mengi, hayo mawili tu. Nangoja."

Mama wa Bukavu alikuwa anageuza chapati. Aliniona uso akazima moto. "Dada, ule mutu amesema njo alimuzika mudogo yako? Haki ya Mungu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na weye unamusadiki?"

Nilikuwa nimeshamsadiki. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilishaona kaburi, nilishaona majani juu yake, nilishaona mama akiteremka garini na fimbo yake. Yeye akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga. "Kwetu bantu mingi hawakuzikwa," akasema. "Ukisikia mutu anasema alizika, unakimbia kuona. Enda umuulize. Enda sasa."

Nilimkuta kwenye foleni ya chai, sahani mkononi, watu wamemzunguka wakipiga picha. Nikamwomba pembeni. Akanifuata kwa tabasamu. Labda alifikiri nataka kumwombea mtu kazi.

"Mheshimiwa," nikasema, "yule kijana uliyemzika ni mdogo wangu. Mama yangu anauliza ulimlaza wapi, na kichwa ulikielekeza upande gani."

Nimewahi kuona watu wakifa. Ni kazi yangu. Kuna wakati uso unabaki vilevile lakini mwenye uso ameondoka. Uso wake ulifanya hivyo, na ile sahani ya chapati ikabaki hewani kati yetu.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "yale ni maneno ya jukwaa. Si unajua siasa. Ilikuwa ni mfano."

"Wazee walipokuja kwako uliwaambia amevuka mpaka."

"Ningewaambia nini? Wazee wa watu wamekaa kwangu wananitazama." Akatazama nyuma kama kuna anayesikia, kisha akasema polepole, na nadhani hilo ndilo neno la kweli pekee alilolisema siku ile: "Sijui alienda wapi. Sanduku lilikuja, yeye hakuwa ndani ya gari. Sikuuliza. Ningeuliza, ningekosa tiketi."

Ningemmwagia chai. Nilikuwa nimeichukua nikipita mezani, ilikuwa ya moto, na mimi si mtu mpole. Lakini mama alikuwa anangoja, na maneno yangu nilikuwa nayahitaji yote kwa ajili yake. Tiketi ya useneta, nikuambie mapema usije ukangoja haki ishuke kutoka mbinguni, baadaye aliipata.

Nilitoka nje, nikasimama ngazini. Karakana ya chini ilikuwa imefungwa na mtaa mzima ulinuka dawa ya kusugulia fedha. Nilifikiria kumdanganya mama. Ingekuwa rahisi: ningemtajia kilima, ningeweka mti, kichwa ningekielekeza magharibi kama inavyopasa. Angelala usiku huo. Kisha angesema twende, na ningempeleka wapi? Tena mtoto wake alikuwa ameshazikwa kwa uongo mara moja siku ile. Nikampigia, nikamwambia yote kama alivyosema, mpaka lile la tiketi.

Nilisikia kuku wake.

"Wazee aliwaambia yu hai," mama akasema. "Leo amesema mbele za watu, na mimi nikimwona, kwamba alikufa na alimzika."

"Ni uongo, mama. Vyote viwili. Hajui lolote."

"Najua ni uongo. Mimi si mtoto. Lakini mtu mzima hamsemei aliye hai maneno ya kaburi. Hata mwongo anaogopa. Angekuwa na shaka kidogo tu kwamba kijana wangu atatokea mlangoni, mdomo wake ungekataa." Akavuta pumzi, nikaisikia ikimpanda kwa shida. "Yeye amekuwa akijua moyoni miaka yote hii. Mimi nilikuwa nikingoja kwa ajili ya neno lake. Sasa neno hilo amelifuta mwenyewe. Mwambie binamu yako aite wazee. Tunakata mgomba."

Nililia pale ngazini mpaka mama wa Bukavu akaja kukaa nami. Ndani, mwenyekiti alikuwa anawashukuru watu kwa mdahalo wa kistaarabu.

Kwetu mazishi hayajifichi, na mwanasiasa ananusa matanga kama inzi anavyonusa samaki. Haukupita muda, mheshimiwa akatuma ujumbe: ameguswa, angependa kuhudhuria, ataleta hema na vipaza sauti, na anaomba kusema maneno machache. Mchujo ulikuwa umekaribia na mazishi kama yale yangejaa watu wa kata nzima. Ujasiri wa kuja aliupata wapi sijui. Nadhani alihesabu kwamba mwanamke wa Birmingham yuko mbali, na mama mzee wa kijijini hana la kusema. Asiyekuwepo na lake halipo, walinena wahenga, na yeye alikuwa ameishi vizuri sana juu ya methali hiyo.

Nilimwambia mama amfukuze. Nilimwambia kwa sauti ya juu, namtaja yule mtu kwa majina ambayo siyaandiki hapa. Mama akasema, "Mwache aje. Hema akae nalo."

Sikuweza kusafiri. Likizo yangu ilikuwa imekwisha na kazini hawakunipa nyingine, maana kwao ndugu aliyekufa zamani si dharura, na mgomba sikuthubutu hata kuwaelezea. Nilikaa jikoni kwangu Hodge Hill, mchana, mvua ikinyesha, simu nimeiegemeza kwenye debe la sukari. Binamu yangu ndiye aliyeshika simu kule. Mama wa Bukavu alikuja akaketi karibu yangu akiwa amejifunga kitenge, kama aliyekuja matangani kweli. Na matanga yalikuwa kweli.

Niliona mgomba ukitolewa ndani ya nyumba. Ulikuwa umevaa shati lake la buluu na suruali ya shule, na urefu ulikuwa wake. Sijui ni nani aliyeupima. Nilikuwa nimejiandaa kuona mti. Wanaume wanne waliubeba, wakawa wanaubeba kwa uangalifu wa kubeba mtu, wakiambiana angalia kichwa, angalia kichwa. Nilipiga ukelele, na jirani yangu akagonga ukuta.

Waliushusha. Mheshimiwa akasogea mbele, shati jeupe, mkono tayari umenyooka kama unaotafuta maikrofoni. Badala ya maikrofoni, mama alimpa beleshi.

Mama hana sauti kubwa, lakini watu walikuwa wamenyamaza, na hata kwenye simu nilimsikia vizuri. "Ulisema ulimzika kwa mikono yako," alimwambia. "Huko Uingereza, nilikuona. Haya. Mzike."

Akacheka kidogo, akaangalia wapambe wake. Hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa wamekunja mikono, na watu wa kata nzima wanamtazama, na wengi wao walikuwa wameuona ule mdahalo kwenye simu zao na kulia naye. Akavua saa. Akashika mpini, akainua udongo.

"Ngoja," mama akasema. "Kwetu hafukiwi mtu bila kutajwa. Mtaje kwanza."

Alisimama na beleshi limejaa. Nilimwona akifungua mdomo akaufunga. Akamgeukia mpambe wake, kijana aliyekuwa ameshika koti, na yule kijana akatazama chini. Udongo ulianza kumwagika kidogo kidogo kutoka kwenye beleshi juu ya viatu vyake. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Hakuwa na jina la kutaja. Alimtuma na sanduku, akawadanganya wazee juu yake, akajipatia machozi na makofi kwa kifo chake, na kumbe jina lake hakuwahi kulijua.

Mama alimpa muda mrefu, mrefu kuliko nilioweza kuvumilia. Kisha akalitaja yeye mwenyewe, jina la ubatizo, na la babu, na lile la utotoni ambalo mimi na yeye tu tulimwitia. Akamwambia mheshimiwa arudie. Naye akarudia, kwa ile sauti yake nzuri, jina la mdogo wangu lote, na udongo ukaanguka.